Kinyonga Akikataa Chakula

(Haya ndiyo maneno ya somo la redio, yamepigwa chapa ili wanafunzi wayasome tena polepole baada ya kusikiliza.)

Ninyi mlioko Mbeya, Tukuyu, Makambako, Mafinga na Iringa, na ninyi mlioko mbali zaidi, sogezeni viti karibu na redio. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: kinyonga, joto, kiu, mdudu, sumu. Wanafunzi, yasomeni kwa sauti. Mkiyajua maneno hayo matano, mmekwisha kulipata somo la leo.

1. MGENI NDANI YA BOKSI

Tuseme hivi. Mtoto wako ametoka kukata kuni, naye amekuja na kinyonga juu ya kijiti. Amemtia katika boksi la karatasi ngumu. Amemwekea majani, na maji katika kibakuli. Siku ya kwanza amemletea panzi watatu. Kinyonga hakula. Siku ya pili amemletea mende wawili. Hakula. Siku ya tatu mtoto anakujia na kuuliza, "Mama, mbona hali?" Utamjibu nini?

Wako watakaomjibu, "Mtupe huyo, analeta mkosi." Basi tuanze hapo hapo. Kinyonga ni aina ya mjusi. Hana sumu. Kinyonga mkubwa akibanwa huweza kuuma kidole, lakini kuuma kwake si kama kwa nyoka. Tena kugeuka rangi si uchawi. Ngozi yake hugeuka rangi kwa sababu ya baridi, joto, hofu au hasira, kama vile uso wa mtu unavyogeuka akiona haya. Na kazi yake ya kila siku ni kula wadudu. Mkulima mwenye vinyonga katika miti ya shamba lake amepata vibarua wasiodai mshahara.

Nyanda zetu za Juu Kusini zimejaliwa vinyonga wasiopatikana kwingine. Katika Milima ya Poroto na Mlima Rungwe, karibu na ziwa la Ngosi, yuko kinyonga ambaye dume lake lina pembe tatu usoni. Wataalamu walimpa jina la Fülleborn, daktari wa Kijerumani, na jina hilo liliandikwa mwaka 1900. Kinyonga huyo hatagi mayai. Huzaa watoto wazima. Upande wa Iringa, katika misitu ya Udzungwa, wako wengine wenye pembe, ambao nao huzaa. Mnyama wa namna hiyo akimalizika katika milima hiyo, hakuna mahali pengine pa kwenda kumchukua.

Kwa hiyo kuna jambo la kujua kabla ya kufikiri habari ya chakula. Kinyonga ni mnyamapori. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka mtu awe na kibali kabla ya kumkamata mnyamapori na kumfuga. Na mwezi Mei mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku kupeleka wanyamapori hai nchi za nje. Kabla ya hapo vinyonga wengi wa milima yetu walikuwa wamekwisha kusafirishwa kwenda Ulaya na Marekani, na mpaka leo wako watu huko wanaofuga vinyonga wenye asili ya hapa.

Basi ikiwa mtoto amemleta kinyonga leo, jibu la kwanza ni fupi: mrudisheni. Mrudisheni mchana, jua likiwa limetoka, kwenye mti ule ule alikotolewa. Msimpeleke mlima mwingine, maana kila mlima una wenyeji wake. Ikiwa amekaa ndani siku nyingi na amedhoofu, mwulizeni afisa wanyamapori wa wilaya. Mara nyingi kinyonga aliyekataa chakula ndani ya boksi hula siku ile ile anaporudi mtini.

Lakini wako wenye ruhusa ya kufuga: chuo, mahali pa kutunzia wanyama, mfugaji mwenye kibali. Wako pia ndugu zetu walio nchi za ng'ambo, ambako mjusi aliyezaliwa kwa mfugaji huuzwa dukani. Hao wanahitaji kujua yanayofuata. Na hata wewe usiyefuga utaona mbele kwamba habari hii inaingia jikoni kwako.

2. TAZAMA MAHALI KABLA YA KUTAZAMA CHAKULA

Wazee wamesema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mgeni wetu huyu amefungwa kamba nne. Tuzifungue moja moja.

Kamba ya kwanza ni baridi. Mwili wako hutengeneza joto lake wenyewe. Ukisikia baridi unakula zaidi, na ugali wa moto unakupa nguvu. Mwili wa mjusi sivyo ulivyo. Yeye hupata joto kwa jua na kwa hewa. Akipoa, tumbo lake halisagi chakula, basi hamu ya kula humtoka. Mji wa Mbeya na mji wa Iringa yote iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Mwezi wa Juni na Julai nyumba zetu ni baridi, na kule Makete asubuhi nyingine nyasi huwa nyeupe kwa barafu. Porini kinyonga huvumilia usiku wa namna hiyo, kwa sababu asubuhi hupanda juu ya kijiti akaota jua. Ndani ya boksi, chini ya kitanda, hapati jua lo lote.

Basi mpe jua la asubuhi. Lakini mwachie na kivuli, apate kujitenga mwenyewe akitosheka. Boksi lililofungwa likiwekwa juani ni sawa na chungu juu ya mafiga. Kinyonga wa milimani hufa upesi kwa joto kali kuliko kwa baridi. Tena jua halimpi joto peke yake. Humsaidia mwilini kuitumia kalsiamu, ile inayojenga mifupa. Jua lipitalo katika kioo cha dirisha halifanyi kazi hiyo.

Kamba ya pili ni kiu. Mtoto ameweka kibakuli cha maji, lakini kinyonga hakioni kama maji. Yeye amezoea kulamba umande na matone ya mvua juu ya majani. Nyunyiza majani maji safi asubuhi na jioni, halafu ngoja kimya. Utamwona akilamba. Tazama macho yake pia. Macho yaliyodidimia ndani ni alama ya kiu kubwa. Kinyonga mwenye kiu hali, hata umletee panzi wazuri namna gani.

Kamba ya tatu ni hofu. Kinyonga haishi katika kundi kama mbuzi. Akimwona mwenzake mchana kutwa, hana raha. Akiona sura yake katika kioo, hudhani ni adui. Watoto wakimtoa na kumshika kila saa, rangi yake huwa nyeusi nyeusi, na kinywa hakifunguki. Mwekee matawi mengi ya kujificha. Mweke juu, si sakafuni, maana aliye mdogo akiwa chini huona kila mtu ni jitu.

Kamba ya nne ni hali ya mwili. Kinyonga anayevua ngozi hupunguza kula. Jike aliyekaribia kuzaa au kutaga hupunguza vile vile. Haya si maradhi. Lakini wengi waliokamatwa porini wana minyoo, na mjusi mwenye minyoo mingi hudhoofu. Ukiona mate mengi mdomoni, taya lililovimba, miguu iliyopinda, au mwili unaoisha, usingoje. Mwone daktari wa mifugo.

Kinyonga mzima aliyekomaa huweza kukaa siku chache bila kula, asipate dhara. Mdogo hawezi. Wala usimfungue kinywa kwa nguvu na kumsukumia mdudu. Utamvunja taya, au mdudu ataingia njia ya hewa.

3. WADUDU WA PORINI

Sasa mahali ni pazuri, maji yapo, na kinyonga bado anasitasita. Hapo wadudu wa porini wana faida kubwa. Fikiri wewe mwenyewe. Ukipewa ugali na maharage mchana na usiku kwa mwezi mzima, utachoka. Kinyonga anayeletewa mende tu huchoka pia. Porini leo amekula nzi, kesho nondo, kesho kutwa panzi. Kila mdudu amekula mmea wake, na kila mmea una chakula chake.

Tena kinyonga huwinda kwa macho. Mdudu aliyekufa si chakula kwake. Lazima aone kitu kikienda. Nzi anayeruka mara nyingi huamsha hamu ya kinyonga aliyekuwa amemdharau mende aliyejificha chini ya majani. Kwa hiyo kwa mgonjwa asiyependa kula, anza na wadudu wepesi, laini, wanaoruka au wanaopanda matawi: nzi, nondo wadogo, panzi wachanga wa kijani, vunjajungu wadogo.

Kipimo ni hiki: mdudu asiwe mrefu kuliko upana wa kichwa cha kinyonga. Mpe mmoja, akila mpe wa pili. Usimwage wadudu kumi kwa pamoja. Na jioni waondoe waliobaki, maana nyenje mwenye njaa huweza kumtafuna mjusi aliyelala.

Kumbikumbi nao je? Mvua za kwanza zinaponyesha huruka wengi, na kinyonga huwapenda. Wana mafuta mengi. Ni kitoweo cha siku mbili tatu, si chakula cha mwaka.

Wadudu wana upungufu mmoja. Wengi wao hawana kalsiamu ya kutosha. Mjusi wa kufugwa akila wadudu tu, bila kalsiamu na bila jua, mifupa yake hulainika. Kabla ya kumpa wadudu, wapake unga mdogo wa kalsiamu utumiwao kwa mifugo. Ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa laini kama poda, linafaa pia. Lakini chokaa ya kupaka ukutani usiitumie kabisa. Hiyo huunguza.

Sasa andikeni wadudu wa kuepukwa. Panzi wenye rangi kali za njano, nyeusi na nyekundu, waendao polepole bila kuogopa mtu, waache. Rangi ile ni tangazo: mimi ni mchungu. Viwavi wenye manyoya, waache. Mbawakawa wanaotoa maji ya kuunguza ngozi, waache. Nyuki na nyigu, waache. Na vimulimuli, waache kabisa. Mwaka 1999 wataalamu wa Marekani walieleza habari za mijusi wa kufugwa waliokufa baada ya kupewa vimulimuli. Kimulimuli mmoja tu alitosha kuua. Baadhi ya mijusi hao asili yao ni Australia. Mjusi wa nchi moja hamjui mdudu wa nchi nyingine, hivyo hakujifunza kumtema. Ndugu mlio ng'ambo, mlishikeni jambo hili.

4. MDUDU AMETOKA SHAMBA LA NANI?

Tumefika mahali penye uzito wa somo letu. Sikilizeni vizuri.

Kinyonga hali mdudu peke yake. Anakula na kile alichokula mdudu. Ikiwa panzi ametoka katika majani yaliyonyunyizwa dawa jana, basi kinyonga anakula panzi pamoja na dawa.

Katika mikoa yetu hii si habari ya mbali. Tunalima nyanya Ilula, viazi Uporoto, kabichi, vitunguu na mahindi kila mahali. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi, waliotoka Amerika, waligunduliwa katika mahindi ya Tanzania, na wakulima wengi wakashika mabomba ya kunyunyizia. Mdudu aliyenyunyizwa hafi papo hapo kila mara. Wengine huishi saa kadhaa. Hawaruki vizuri, wanatetemeka, wanaanguka. Na mdudu asiyeweza kuruka ndiye mtoto humkamata kwa urahisi! Mtoto anafurahi, anasema amepata wengi kwa dakika tano. Ndugu yangu, wadudu wanaokamatika kwa urahisi kupita kiasi wanakupa habari. Uipokee.

Hata dawa itokayo kwenye ua ni dawa. Pareto tunaijua sana, inalimwa katika milima yetu, na kiwanda chake kipo Mafinga. Ua lake lina sumu iuayo wadudu. Sumu hiyo huharibika upesi kwa jua, na kwa mtu hatari yake ni ndogo kuliko ya dawa nyingi. Lakini samaki hufa kwayo, na mjusi mdogo huweza kudhurika.

Sumu nyingine hazipotei upesi. Ziko zinazokaa katika mafuta ya mwili, zikapita kutoka aliyeliwa hadi mlaji. Marekani, mwandishi Rachel Carson alieleza jambo hilo katika kitabu alichotoa mwaka 1962. Miti ilinyunyizwa DDT ili kuua wadudu. Majani yakaanguka. Nyungunyungu wakala majani. Ndege wakala nyungunyungu, nao wakafa. Hakuna aliyemnyunyizia ndege dawa; aliletewa na chakula chake. Mwaka 1972 Marekani ilikataza DDT mashambani.

Kwa hiyo ukienda kutafuta wadudu, fuata njia hii.

Kwanza, uliza. Shamba hili ni la nani? Lilinyunyizwa lini? Kama mwenyewe hayupo, usichukue.

Pili, nenda mbali na mashamba yanayopigwa dawa, na mbali na barabara kuu. Majani ya porini, penye maua na nyuki wengi, ni mahali pazuri zaidi. Usikamate wadudu ndani ya nyumba iliyopuliziwa dawa ya mbu.

Tatu, waweke wadudu katika chombo chenye hewa siku moja au mbili. Walishe majani safi, vipande vya karoti au boga. Hapo wanashiba, na wewe unawatazama. Wakianza kutetemeka na kufa, watupe wote, wafukie. Wakibaki wazima, hiyo si hakika kamili, bali ni dalili njema.

Nne, osha mikono kwa sabuni kabla na baada.

5. JIKONI KWAKO

Sasa niambie. Kanuni hii ni ya kinyonga peke yake?

Watu wetu hula kumbikumbi. Ndugu zetu wa Kagera hula senene. Ni chakula kizuri. Lakini kumbikumbi aliyeokotwa kando ya bustani iliyonyunyizwa asubuhi haendi kwa kinyonga; anakwenda katika sahani ya mtoto. Kuku wako hula panzi, nawe unakula yai la kuku. Na kabichi yenyewe, je? Kila dawa ya shambani ina siku za kungoja kati ya kunyunyiza na kuvuna. Zimeandikwa katika karatasi ya chupa, kwa tarakimu.

Hapa ndipo kusoma kunapokuwa jembe. Asiyejua kusoma hutegemea maneno ya muuzaji. Wewe uliyejifunza kusoma chukua chupa, tafuta tarakimu ya siku, itie alama katika kalenda. Soma lile neno HATARI. Chupa ikiisha, usiifanye ya kuwekea maji wala mafuta ya kula. Itoboe, isitumike tena, na umwulize bwana shamba pa kuipeleka. Watoto wasicheze nayo.

Kinyonga aliyekataa chakula hawezi kusema. Hasemi "nasikia baridi," wala "nina kiu," wala "panzi huyu ananuka dawa." Sharti mlishaji asome alama: rangi, macho, mwendo wa mdudu, karatasi ya chupa. Mtoto mdogo naye hawezi kusema kilichomo katika mboga aliyopewa. Anayemlisha asiyeweza kusema amebeba dhamana.

MASWALI

1. Kwa nini kinyonga hapendi kula akiwa katika baridi?
2. Kinyonga hunywaje maji?
3. Taja wadudu watatu wasiofaa kupewa mjusi.
4. Kwa nini mdudu anayekamatwa kwa urahisi huenda akawa wa hatari?
5. Sheria inataka nini kabla ya mtu kufuga mnyamapori?

KAZI YA WIKI HII

Kila mwanafunzi atafute nyumbani au shambani chupa moja ya dawa ya wadudu iliyofungwa vizuri. Asiifungue. Aandike katika daftari mambo matatu: jina la dawa, siku za kungoja kabla ya kuvuna, na maneno ya onyo. Asiyeweza kuyaandika yote aandike tarakimu tu. Ayalete darasani, na darasa liyasome pamoja. Kama karatasi ya chupa imetoka au haisomeki, aandike hivyo: "Haisomeki." Chupa ya namna hiyo isitumike, na bwana shamba aulizwe.

Ndugu wanafunzi, muda wetu umekwisha. Fungeni redio, fungueni madaftari. Kwaherini.